Wito wa Harambee: Mnara wa Mashujaa Usimame Kabla ya Julai 25

Ndugu wanakijiji, mlio hapa Missenyi na mlio mbali,

Siku ya Mashujaa inakaribia na mnara wetu hausomeki. Majina ya vijana wa hapa waliokufa katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, askari wa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) na mgambo, yaliandikwa kwa rangi ya mafuta juu ya plasta. Msingi haukutandikwa nailoni ya kuzuia unyevu. Kila masika maji hupanda kutoka ardhini, plasta inavimba, rangi inabanduka kama magamba ya samaki. Kupaka tena ni kutupa hela. Kaboya, kule Muleba, wapo mashujaa waliozikwa kwa heshima za kijeshi, lakini si kila mjane anaweza nauli ya kufika.

Tunajenga upya: msingi wa mita 1.5 kwa 1.5, kina sentimita 30, na juu yake nguzo ya mita 1.8. Tunahesabu kwa vifaa, maana bei ya dukani haitulii: saruji mifuko 8 ya kilo 50, nondo 2 za milimita 12, matofali ya kuchoma 350, kokoto ndoo 30, mchanga ndoo 40. Kaya ikileta ndoo moja tu, imejenga.

Ila mchanga wa bondeni una tope, na tope hulegeza zege. Upime nyumbani: jaza theluthi ya chupa nyeupe, ongeza maji, tikisa, acha mpaka asubuhi. Ukiona utando mnene wa udongo juu ya mchanga, usilete.

Msingi utamwagwa kabla ya Juni 27, kwa sababu zege huhitaji siku 28 kukomaa. Fundi atachanganya saruji kipimo 1, mchanga vipimo 2, kokoto vipimo 4. Wiki nzima ya kwanza lifunikwe magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni; kiangazi chetu hiki hulikausha juu kabla ya ndani, likapasuka. Tunaomba watu wa zamu.

Majina yatachongwa kwenye jiwe. Bamba la shaba hatulitaki, litaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kila familia ilete jina kwa maandishi kabla ya Juni 10, likiwa limehakikiwa na mtu wa ukoo: Rwegasira na Lwegasira si mtu mmoja, na jiwe halina kifutio.

Kwa siku yenyewe bado tunatafuta silaha za jadi za kuweka kwenye mnara: mkuki na ngao, sime, upinde na mishale. Shoka tunamwachia mzee mstaafu wa jeshi aliweke. Mpiga tarumbeta hatuna kabisa. Mwenye kijana wa bendi atuambie.

Vifaa vipokelewe ofisi ya kijiji. Anayetoa fedha asiondoke bila stakabadhi, hata kama ni shilingi 500.