Pesa imeingia benki, slipu iko wapi?

Wenye biashara ndogo wengi hutuambia hivi: "Mishahara tunalipa kwa wakati, kila mtu pesa yake inaingia benki, sasa slipu ya mshahara ya nini?" Ujumbe wa benki unaonyesha kilichoingia, basi. Hausemi mtu alifanya kazi saa ngapi, kwa kiwango gani, wala alikatwa nini kabla pesa haijamfikia.

Suala hili ni la zamani. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mfanyakazi aelezwe mchanganuo wa malipo yake kila anapolipwa, pale ambapo mchanganuo huo unaweza kubadilika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inadai taarifa ya maandishi yenye mchanganuo. Uingereza nayo, tangu Aprili 2019, ikiwa malipo yanategemea saa alizofanya mtu, saa hizo lazima zionekane kwenye slipu.

Sisi slipu tunaipima kwa kikokotoo. Mfanyakazi aanze na mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, ashuke mstari kwa mstari mpaka afike kwenye pesa aliyopokea. Akikwama, slipu ina kasoro, hata kama hakuna aliyekusudia kumficha kitu. Na mara nyingi anakwama kwenye mstari ulioandikwa "makato" tu: kodi, mchango wa hifadhi ya jamii na advansi ya katikati ya mwezi vyote vimesongwa kwenye tarakimu moja. Tafadhali vitenganishe. Advansi iandike pamoja na salio lililobaki, maana hapo ndipo ugomvi huanzia.

Slipu ni ya mfanyakazi. Kumbukumbu ni zako wewe mwajiri, na hilo ni jukumu jingine kabisa. Mfano mzuri ni Marekani. Sheria ya shirikisho ya viwango vya kazi, ya mwaka 1938, haimlazimishi mwajiri kutoa slipu. Hilo limeachiwa majimbo. Lakini inamtaka atunze orodha za malipo kwa miaka 3 na kadi za saa za kazi kwa miaka 2. Kadi hizo si urembo. Chukua mtu anayelipwa kila baada ya wiki mbili: wiki ya kwanza kafanya saa 46, ya pili saa 34. Ukiandika "saa 80" na kufunga daftari, unaona wastani wa saa 40 na hakuna ovataimu. Kwa sheria hiyo, kila wiki inahesabiwa peke yake, kwa hiyo mtu huyo anadai saa 6 kwa kiwango cha mara moja na nusu. Jumla ile ya 80 imezimeza.

Je, kama kumbukumbu hazipo? Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens, na msimamo wake bado unatumika. Mwajiri asipotunza kumbukumbu sahihi, mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kila dakika. Akileta ushahidi wa kukadiria ulio wa haki, ni mwajiri sasa anayepaswa kuupangua. Utaupangua kwa karatasi gani? Tunalisema kwa uzito kwa sababu tunajua waajiri waaminifu hukutwa hivyo hivyo, mikono mitupu, ingawa walilipa kila kitu.

Muda wa kutunza unatofautiana nchi na nchi, hivyo angalia sheria ya mahali ulipo, na usitupe faili kwa sababu tu mtu ameacha kazi.

Tukimpokea mteja mpya, tunaomba kwanza karatasi za mahudhurio na slipu za miezi miwili iliyopita. Tunachagua mfanyakazi mmoja, yule mwenye saa zisizo na mpangilio, na kukokotoa upya mshahara wake kuanzia siku ya kwanza. Kazi hiyo tunaifanya mwajiri akiwa amekaa nasi mezani.