Kwa mdogo wangu mwenye Impreza

Mdogo wangu, simu hupokei, meseji zinaonyesha tiki mbili halafu kimya, ila status zako naziona na gari naona bado umelishusha chini vilevile. Basi nakuandikia huku, maana wewe hupitwi na kitu mtandaoni.

Kuondoka bila kula pilau siku ya ndoa yangu nimeshakusamehe. Kinachoniuma ni picha. Picha zote mama kasimama. Akinamama wote wamekaa chini kwenye mkeka, mama wa bibi harusi kaegemea mlango, na watu wa Tanga walivyo na maneno wakasema anaringa. Kumbe kutoka Chalinze mpaka Segera kila tuta na kila rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, vilikuwa vinaishia kwenye mgongo wake kwa sababu gari lako halina springi, lina mapambo. Shangazi ndo alinisimulia. Mama mwenyewe mpaka leo anasema barabara ilikuwa mbaya. Lami ile jamani!

Mi nauza spea, sijasomea ufundi, ila wateja wa aina yako nawaona na nawajua. Yule fundi wako alivyosema mbele tunakata raundi moja na nusu kwa grinda, nyuma tunapiga gesi zishuke zenyewe, ulitakiwa ukimbie na gari lako. Springi ukiikata haiwi laini, inakuwa ngumu zaidi kwa sababu raundi za kujikunja zimepungua, na nafasi ya gari kushuka nayo umeshaimaliza, kwahiyo shimo dogo tu shokapu imefika mwisho inagonga ile raba ya ndani, na raba ikifa ni chuma kwa chuma. Na shokapu umeacha zilezile za kiwandani zilizotengenezewa springi ndefu, sasa zinashinda zimebanwa, zisivuje kwa nini? Halafu kuna hili ambalo nina wasiwasi hata fundi wako hajawahi kuliwaza, ukipiga jeki tairi likaning'inia ile springi fupi inabaki inacheza, hakuna kinachoibana. Siku gari likiruka tairi likaacha ardhi, springi inaweza kurudi imekaa upande. Ukiwa kwenye kona. Na mama yuko nyuma.

Ya gesi ndo usiseme. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kiwandani kwa kipimo ndo kikapata ile nguvu ya kubonyea na kurudi, nyie mnakuja kukichoma upya chini ya mwembe mkikadiria kwa macho, huku kimelala sana huku kidogo, ndo maana gari lako kwa nyuma limeinamia kushoto hata likiwa tupu. Ukalaumu tairi eti za Kichina. Tairi zinaliwa upande wa ndani kwa sababu umeshusha gari na alaimenti, kule kupimwa tairi zikae sawa, hukwenda!

Na sijakataa gari kushushwa, tena Impreza ikishushwa vizuri inapendeza kweli. Zipo springi fupi zilizotengenezwa hivyo, zinafungwa na shokapu zinazoendana nazo, unamalizia na alaimenti, basi. Nilikutajia bei ukawaambia rafiki zako dada anatafuta faida mpaka kwa damu yake. Faida ipi, wakati nilikutajia bei niliyonunulia mimi?

Wanasema nilikudhalilisha kukunyang'anya funguo mbele ya mashemeji. Sawa, ulitaka nifanyeje? Nikuite pembeni? Lini umewahi kunisikiliza pembeni? Ulikuwa umeshawasha gari, shangazi anapakia mikoba, mama anashika mlango anajikaza apande tena, na mi bibi harusi nina piko mpaka kwenye viwiko naburuza gauni kwenye mchanga kwenda kuchomoa funguo, unadhani nilipenda? Ningeacha waondoke na wewe halafu nikae ukumbini napigwa picha? Hata ingekuwa leo ningezichomoa. Na kusema "humbebi mama yangu tena" nilisema kwa sababu ndo ilivyokuwa, japo najua ni mama yako pia, usinianze na hilo.

Kinachonishangaza ni wewe ndo ulinifundisha kuendesha, pale uwanja wa shule, muda wote mkono uko kwenye handibreki unasema dada taratibu, tuta hilo, taratibu. Dada yako ulikuwa unamwonea huruma kwenye tuta la mchanga.

Springi iliyokatwa haiungwi, asije akakudanganya mtu wa kuchomelea. Kuna seti imeingia, mbele na nyuma pamoja na shokapu zake, mtumba wa Japani, inaingia kwenye Impreza yako, nimeiweka chini ya kaunta. Kama hutaki kuniona tuma bodaboda. Bei ni ileile, na safari hii sikopeshi.