Filamu za kuonya wizi wa magari zionyeshe yanayofuata baada ya kukamatwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie filamu fupi za kuwaonya vijana dhidi ya wizi wa magari, ambazo mara nyingi hutumia muda mwingi kuonyesha mwendo kasi na ving'ora, mambo ambayo kijana wa miaka 15 huyapenda mno, kisha pingu zikaonekana kwa sekunde chache tu. Hapa Moshi, kijana anayeosha magari hukabidhiwa funguo kila siku, na kishawishi huanzia hapo. Aonyeshwe mahabusu ya watoto, mama akisubiri nje na chakula, na Shule ya Maadilisho ya Irambo, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani na mahakama, iliyoko Mbeya, mbali kabisa na kwao. Nimelea wavulana watatu. Picha hiyo ingewagusa.

Mzazi,
Majengo, Moshi