Kwa nini tulikwambia urudi baada ya siku mbili

Wiki hii tena kuna mteja ametuandikia kwa hasira. Alifika kituoni kwetu, hapa Dar es Salaam, kupima saratani ya mlango wa kizazi, akaambiwa arudi keshokutwa. Anasema tunamlia nauli.

Dada huyu usiku wa kuamkia siku ya kipimo aliweka ukeni vidonge vya "kusafisha kizazi" ili aje msafi. Muuguzi alipoweka spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, alikuta mlango wa kizazi umefunikwa na mabaki meupe ya dawa, na chini yake pamevimba na pamekuwa pekundu. Tungeweza kukwangua seli hivyo hivyo na kupokea hela. Slaidi, yaani kioo kinachopakwa seli hizo, ingerudi kwa majibu kwamba sampuli haisomeki, naye angelipa mara ya pili. Kwa saa 48 kabla ya Pap smia, yaani kipimo hiki cha kukwangua seli, usiweke dawa, usijisafishe kwa ndani, usifanye tendo la ndoa, na usije ukiwa kwenye hedhi. Kuoga kwa nje kunatosha kabisa.

Wengine wanaona aibu kupanda kitandani, wanatuomba tutoe damu tu. Virusi vya HPV, ndivyo vinavyoleta saratani hii, havipimwi kwenye damu. Seli lazima zitoke palepale vinapokaa. Mama mmoja alitujia na karatasi ya "HPV ya damu" aliyoilipia kwingine, ametulia kabisa. Tulipompaka siki kwenye mlango wa kizazi, doa jeupe, dalili ya seli zilizobadilika, likajitokeza ndani ya dakika moja. Lilikuwa dogo, akapata tiba mgando (kuigandisha sehemu hiyo kwa baridi kali) na kurudi kwake siku hiyohiyo.

Kuhusu bei: kipimo cha siki vituo vingi vya serikali wanafanya bure, na ni kipimo halali, nenda. Kwetu unalipia Pap smia, yaani mtaalamu wa patholojia anayeisoma slaidi, na sisi kukutafuta majibu yakiwa na shida. Hapo hatupunguzi.

Ukikutwa na HPV usikimbilie mitishamba. Kwa wengi mwili huviondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Vikidumu, saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, 5 hadi 10. Ndiyo maana mwenye VVU tunamwanzishia vipimo akiwa na miaka 25, wengine 30.

Binti wa miaka 9 hadi 14 usimlete kwetu kulipia chanjo ya HPV. Serikalini ni bure, dozi moja tu.

Ukipiga simu kupanga siku, tutajie tarehe ya hedhi yako ya mwisho.