Risala ya Mafundi wa Majengo ya Mawe ya Mashambani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walimu wetu wa uashi,
Wenye mashamba, mafundi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia wito. Mgeni rasmi kwa kawaida hualikwa kukata utepe mbele ya jengo ambalo rangi yake haijakauka; sisi tumekuita kwenye maghala na mazizi ya mawe, mengine yakiwa yameezuka nusu na popo wamejaa darini. Utuwie radhi basi tukizama kwenye chokaa, boriti na mifereji, kwa sababu huko ndiko majengo haya yanakofia, na huko ndiko yanakoponea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jengo la kale la shambani lilichorwa na kazi yenyewe. Ghala lenye milango miwili mikubwa inayotazamana halikujengwa hivyo kwa urembo. Sakafu iliyo kati ya milango hiyo ilikuwa uwanja wa kupuria nafaka, na milango yote ikifunguliwa upepo ulipita ukapeperusha makapi. Matundu ya ukutani ni finyu kwa nje na mapana kwa ndani, yapitishe hewa bila kukaribisha mvua. Maghala madogo ya Galicia, Hispania, yaitwayo hórreo, husimama juu ya nguzo zenye kofia za mawe bapa, kwa maana panya anaweza kupanda nguzo ila hawezi kutembea kichwa chini kwenye ukingo wa kofia. Kwenye mabonde ya Yorkshire, Uingereza, zizi la malishoni liliweka ng'ombe chini na nyasi kavu juu, hivyo lishe ilishushwa tu, na samadi ilikuwa tayari karibu na konde itakapomwagwa.

Tunayataja haya kwa kuwa kosa la kwanza la ukarabati hutokea kabla mwiko haujashikwa: mtu haulizi tundu lilikuwa la nini, analiziba. Muda si mrefu nyasi zimeota ukungu na ncha za boriti zimeanza kuoza.

Ukuta nao hautazamwi kwa uso tu. Unene wake mara nyingi ni sentimita 50 hadi 70, lakini ndani yake zimo kuta mbili, ya nje na ya ndani, na kati yake vijiwe vilivyojazwa kwa udongo au chokaa. Yanayozifunga pamoja ni mawe marefu yanayovuka unene wa ukuta. Mawe hayo yakiwa machache, au maji yakiingia kwa juu na kusomba ujazo, nyuso mbili huachana na ukuta hutoa tumbo. Gonga kwa nyundo ndogo: mahali palipoachana hulia kama mtungi mtupu. Usibomoe papo hapo. Tundika timazi, yaani uzi wenye uzito wa kupimia wima, weka alama, pima kila mwezi kwa mwaka mzima, kwani tumbo lililotulia tangu enzi za mababu ni jambo jingine kabisa na tumbo linaloongezeka. Likiwa linaongezeka, huingizwa mawe mapya ya kuvuka, kisha uji wa chokaa humiminwa ndani kidogo kidogo kuanzia chini. Ukiumimina wote kwa mkupuo, uzito wake utasukuma nje ule ule uso uliokusudia kuuokoa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, adui mkubwa wa kuta hizi ni saruji, na huletwa na watu wenye nia njema. Ukuta wa kale hauna utando wa kuzuia unyevu chini yake. Hunywa maji na kuyatoa, na njia yake ya kutolea ni viungo vya chokaa. Vikizibwa kwa saruji, maji hutafuta njia nyingine, nayo ni jiwe lenyewe. Yakikaukia usoni mwa jiwe huacha chumvi. Chumvi hufanya fuwele ndani ya vinyweleo, fuwele zinakua, na uso wa jiwe unabanduka kama maganda ya kitunguu. Baada ya miaka kadhaa utaona wavu wa saruji umechomoza na mawe yamerudi ndani. Saruji ni nzima kabisa. Kilichokufa ni jiwe. Mazizini hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa mkojo na samadi za vizazi vya mifugo zimeujaza ukuta chumvi za naitreti.

Kuiondoa saruji hiyo kunataka nyundo na tindo nyembamba. Mashine ya kukatia ikiteleza hukata kingo za jiwe, na jeraha hilo halifutiki. Chimba kiungo kwa kina cha angalau mara mbili ya upana wake, kisipungue sentimita 2.5. Toa vumbi, nyunyiza maji mpaka jiwe liache kuyanyonya kwa pupa, ila yasituame. Mchanganyiko wetu wa kawaida ni sehemu 1 ya chokaa laini kwa sehemu 3 za mchanga mkali wenye punje kubwa na ndogo. Uwiano huo haukuokotwa: jaza ndoo mchanga mkavu, mimina maji hadi yafike juu, utakuta yaliyoingia ni karibu theluthi ya ndoo. Theluthi hiyo ya nafasi tupu ndiyo chokaa inayopaswa kuijaza. Kiungo kipana kikazwe kwa vijiwe, kisijazwe chokaa tupu, kwani itasinyaa na kupasuka.

Chokaa yenyewe hutokana na mawe ya chokaa yaliyochomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kisha kuzimwa kwa maji. Chokaa hutiwa kwenye maji. Kumwagia maji juu ya rundo la chokaa ni kutafuta balaa, maana huchemka na kuruka, na tone moja linaweza kupofusha jicho. Miwani na glavu si hiari. Ikishazimwa hulazwa shimoni, chini ya tabaka la maji, kwa miezi 3 au zaidi.

Wengi hawajui kwamba chokaa haikauki tu. Huvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kurudi polepole kuwa jiwe, na safari hiyo inahitaji unyevu. Jua kali likiipiga siku ya kwanza hubaki unga. Ndiyo sababu ukuta hufunikwa magunia mabichi yanayoloweshwa kwa siku kadhaa, na kazi husimama baridi ikishuka chini ya nyuzi 5. Anayelalamika kwamba chokaa haishiki aulizwe kwanza aliinyunyizia maji kwa siku ngapi.

Kuhusu paa tutasema mambo mawili. La kwanza ni boriti ya chini ya kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa, boriti ile inayofunga ukuta mmoja na mwenzake. Trekta zilipokua kuliko milango, watu walizikata boriti hizo ili mashine ipite. Kuanzia siku hiyo uzito wa paa unasukuma kuta kwa nje, na ufa huanzia juu ukishuka. La pili ni maji ya paa. Mfereji ulioziba kwa majani hulowesha ukuta kuliko mvua yenyewe. Chini nako, samadi na udongo vilivyorundikana nje vishushwe hadi sentimita 15 au 20 chini ya sakafu ya ndani. Lakini chimba kwa hadhari, maana misingi ya majengo haya ni mifupi, na mtaro wa kina ubavuni mwa ukuta umeangusha kuta ambazo mvua ilishindwa kuziangusha. Wala sakafu ya zege si dawa: unyevu uliokuwa ukitoka sakafuni huhamia ukutani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sheria za urithi zilichelewa kuyaona majengo haya, ila si kwa kukosa msingi. Hati ya Venice ya mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, inasema wazi kuwa kumbukumbu ya kihistoria si kazi kubwa za sanaa pekee, bali pia kazi za kawaida za zamani zilizopata maana kwa kupita kwa wakati. Inasema vilevile kwamba urejeshaji ukome pale kubahatisha kunapoanza. Mwaka 1999, huko Mexico, ICOMOS, shirika la kimataifa la wataalamu wa majengo na maeneo ya kihistoria, lilipitisha hati mahsusi ya majengo ya jadi. Na mwaka 2018 ufundi wa kujenga kwa mawe makavu, bila chokaa wala udongo, uliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika kwa ombi la nchi 8 za Ulaya.

Mfano tunaoupenda ni wa Uingereza. Huko nyumba ya shamba ikiorodheshwa kuwa urithi wa kulindwa, jengo lililomo kwenye uwanja wake tangu kabla ya tarehe 1 Julai 1948 huhesabiwa kuwa sehemu yake, na kulibadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Swaledale, mojawapo ya mabonde ya Yorkshire, wakaenda mbele zaidi: mwaka 1989 mazizi na kuta za mawe za bonde zima zilitangazwa eneo la hifadhi. Hilo ndilo jambo la busara, kwa sababu zizi moja lililotengwa na konde lake ni kama jino ndani ya kabati la maonyesho.

Sheria peke yake, hata hivyo, haiezeki paa. Zizi lisilo na kazi halipandwi na mtu kusafisha mfereji. Kugeuza ghala kuwa makazi kunaweza kuliokoa, ingawa mara nyingi linalookolewa ni ganda: madirisha hutobolewa, dari hukata kimo, na ule uwazi mkubwa wa ndani, ambao ndio usanifu wenyewe, hupotea. Kuligeuza kuwa warsha, ukumbi au ghala la mazao hakuliumizi sana kama makazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Matengenezo madogo ya kurudisha kilichokuwepo vile vile, kwa jiwe lile lile na chokaa ile ile, yapate kibali cha haraka, kwani kigae kilichochomoka hakingoji kikao. Yachimbwe mashimo ya chokaa ya pamoja, ili fundi asilazimike kushika saruji kwa kukosa kilicho tayari. Yaruhusiwe machimbo madogo ya mawe ya asili ile ile, angalau kwa ukarabati, tusije tukabomoa zizi moja kutibu jingine. Na kabla jengo halijabadilishwa matumizi, lichorwe kwa skeli ya 1:50 na kupigwa picha kila upande, pamoja na alama za mafundi na za mifugo zilizochongwa kutani.

Baada ya risala hii tunakuomba ufike kwenye kuta mbili za mfano zilizo nyuma ya jukwaa, moja ya saruji na moja ya chokaa. Zote mbili zimemwagiwa maji asubuhi. Ziguse kwa kiganja.

Tunaomba kuwasilisha.