Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Lile "Tui" la Kwenye Dripu

Ndugu wanachama, assalaam aleikum, na wengine hamjambo.

Hesabu atazisoma mweka hazina, naye hapendi kukatizwa, kwa hivyo sizigusi.

Mwaka huu tumehangaishwa na swali moja: mbona chama hakinunui mafuta ya dripu kwa njiti wetu, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, hapa Malindi? Lilizuka baada ya baba mmoja wa Barani, aliyepewa rufaa Mombasa, kunipigia simu usiku akilia kwamba mwanawe anatiwa tui la nazi mshipani. Kesho yake nikaenda. Nilikuta sirinji imefunikwa isipigwe na mwanga, ndani mna kitu cheupe pepepe, na pampu yaisukuma polepole hata huioni ikisogea.

Si tui. Ni mafuta ya soya yaliyovurugwa na maji, yakashikanishwa kwa lesithini ya kiini cha yai hadi yakawa vitone vidogo mno. Aliyefanikiwa kuyatengeneza yasidhuru ni Arvid Wretlind wa Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku hizi yako yaliyotiwa mafuta ya zeituni, ya samaki, na hata yatokanayo na nazi, kwa hivyo yule baba hakukosea sana!

Mtoto wa kilo 1 akiandikiwa gramu 3 za mafuta kwa siku, hupata mililita 15 za yale ya asilimia 20. Vijiko 3 vya chai, saa 24 nzima, kalori 30 hivi. Ni kidogo, lakini njiti amezaliwa kabla ya kunona, hana akiba. Tumbo likiwa bado halipokei maziwa ya kutosha, siku chache bila mafuta zamtia upungufu wa mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea.

Hata hivyo kamati ilikataa kununua, nami nasimama hapo. Chupa si kazi. Kazi ni pampu, maabara ya kupima mafuta ya damu, muuguzi wa kukesha, na usafi usio na mzaha, maana vijidudu huyapenda mafuta haya. Mwanachama mmoja hajanisalimia tangu mfungo kwa sababu hiyo.

Pesa zilikwenda kwenye nauli za mama wanaokuja wadini kukamua maziwa, leso za kumfungia mtoto kifuani, na vikombe vya kumnyweshea. Vikombe vya kwanza vilipinda kwenye maji ya moto. Niliponunua nilitazama bei tu, kosa langu.

Barua ya kuiomba kaunti pampu iko tayari tangu mwezi jana, yangoja sahihi moja. Bi Katibu, kalamu ninayo.