Samadi peke yake haitoshi kwa viazi vya Nyanda za Juu Kusini

Mhariri,

Miongoni mwetu tunaolima viazi mviringo Njombe, Makete na Uporoto, ubishi kuhusu mbolea umegawa watu kambi mbili: wanaoamini samadi na mboji pekee, na wanaoamini mbolea za dukani pekee, yaani DAP na urea. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini kambi zote mbili zinaliacha shamba na upungufu, na kwa nini udongo unapaswa kupimwa kabla ya ubishi huo kuendelea.

Kiazi hula potashi (kirutubisho chenye potasiamu) kuliko kirutubisho kingine chochote. Kila tani inayovunwa huondoka na takribani kilo 5 hadi 6 za potashi, kwa hiyo mwenye kuvuna tani 20 kwa hekta husafirisha kilo 100 hadi 120 ndani ya magunia yanayokwenda mjini. DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni na asilimia 46 ya fosforasi ikihesabiwa kama fosfeti (P2O5), na urea ina naitrojeni tu. Hakuna kati ya hizo inayorudisha potashi, zinki wala boroni. Ndiyo maana baada ya misimu kadhaa tunaona majani mengi ya kijani juu ya tuta, ilhali chini kuna viazi vidogo vilivyojaa maji, ambavyo mkaanga chipsi havitaki kwa sababu vinakunywa mafuta.

Samadi ina faida ambazo mbolea ya dukani haina. Hufanya udongo ushike maji, na katika udongo wetu wa volkano, unaong'ang'ania fosforasi, husaidia mmea kuipata. Hata hivyo, potashi nyingi ya ng'ombe hutoka kwenye mkojo, na mabanda yetu mengi huuacha mkojo huo utiririke bondeni, kisha tunachota kinyesi kilichopigwa na mvua miezi kadhaa na kukiita mbolea. Matandiko ya nyasi kavu bandani na paa juu ya lundo vingeokoa sehemu kubwa ya mali hiyo. Samadi mbichi nayo huchochea ugonjwa wa magamba unaochafua ganda la kiazi, na maganda ya viazi vilivyougua yakitupwa kwenye lundo lisiloiva yanaweza kurudisha mnyauko bakteria shambani.

Kuna jambo zito zaidi ambalo watetezi wa samadi, nikiwa mmoja wao, hatulisemi vya kutosha. Ng'ombe aliyelishwa majani ya eneo lenye uhaba wa zinki hatoi samadi yenye zinki ya kutosha, kwa kuwa samadi huzungusha kilichopo na haiwezi kuleta kisichokuwepo. Upungufu wa aina hiyo huzibwa kwa kuongeza madini yenyewe, kwa kipimo. Boroni ni mfano mzuri: hekta nzima huhitaji kilo 1 hadi 2 tu, na ikizidi huunguza mmea uleule uliokusudiwa kusaidiwa. Zinki nayo hukosekana kwa mmea pale fosforasi inapomwagwa kupita kiasi, au chokaa inapowekwa bila kujua kiwango cha tindikali.

Hapo ndipo biashara ya busta za majani, yaani mbolea za maji za kupuliza, inaponisikitisha. Zinki inayopulizwa kwenye majani husaidia mmea, lakini kalisi haisafiri kutoka kwenye jani kushuka hadi kwenye kiazi; kiazi huivuta kutoka kwenye udongo unaokizunguka. Mkulima anayeuziwa chupa ya kalisi ya kupuliza kwa ahadi ya viazi visivyo na doa la kahawia ndani anapoteza fedha ambayo ingemnunulia mbolea yenye kalisi ya kuweka kwenye tuta. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa hapa hapa nchini mkoani Manyara, ina kalisi kwa asili yake na huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali kama wetu.

Ninaiomba Wizara ya Kilimo na halmashauri zetu zipeleke huduma ya kupima udongo hadi ngazi ya kata, ili ushauri wa afisa ugani utokane na majibu ya shamba husika badala ya kiwango kimoja kwa wilaya nzima. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 ilitupunguzia gharama, nasi tunashukuru. Sasa iendane na majibu ya maabara, na iguse potashi, zinki na boroni pale vinapothibitika kupungua. Wanunuzi nao walipe kwa kilo na kwa ubora wa kiazi, kwa sababu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, humlipa sawa aliyetunza udongo na asiyeutunza. Sampuli zikichukuliwa mwezi Julai au Agosti, majibu yanaweza kumfikia mkulima kabla hajanunua mbolea ya kupandia kwa mvua za Novemba.

Mkulima wa viazi mviringo,
Njombe.